Kisunzi cha alfajiri: je, ni presha iliyopanda au iliyoshuka?

"Assalaam aleikum daktari. Mama yetu ana miaka 76 na anaishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya kale ambayo chumba chake kiko juu na choo kiko chini. Ana presha kwa miaka kumi na miwili na sukari kwa miaka sita. Mwezi huu ameanguka mara mbili, na mara zote ilikuwa alfajiri akishuka kwenda kutawadha. Mara ya pili alipasuka kipaji cha uso akashonwa. Tulipompima mchana tulikuta 172 kwa 88, na kijana wa duka la dawa akatuambia kuwa presha imepanda ndiyo maana anapata kisunzi, akamwongeza kidonge cha usiku. Tangu hapo kisunzi kimezidi. Majirani wanasema ni uzee tu, shangazi anasema ni upepo, na kaka yangu aliyeko Mombasa anataka kumchukua. Mimi binti yake ndiye ninayemwangalia. Je, tumwongeze dawa nyingine? Na kwa gharama hizi zote, mzee kama huyu hana haki yoyote kwa serikali?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole sana, na umfikishie mama salamu na pole zangu. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako mna jambo ambalo limenishtua kuliko hiyo 172 iliyowatia hofu. Mama ameanguka mara mbili katika saa ile ile, akitoka kitandani, na hali imekuwa mbaya zaidi baada ya kuongezewa kidonge cha usiku. Mambo hayo matatu yakikutana, la kwanza ninaloshuku ni kwamba presha ya mama hushuka ghafla anaposimama. Siwezi kulithibitisha kwa maandishi tu, lakini linaweza kupimwa leo hii nyumbani, na mpaka lipimwe naomba asiongezewe kidonge chochote kingine.

Sisi watu wa pwani tukisema mtu "ana presha" huwa tunamaanisha presha ya kupanda, na kwa sababu hiyo kila kisunzi tunakitundika hapo. Ukweli ni kwamba presha iliyopanda kwa kawaida haina dalili yoyote. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa miaka, akavua, akapika, akacheka na wenzake barazani, asihisi kitu, na ndiyo maana ugonjwa huu huharibu moyo, figo na ubongo kimyakimya. Kisunzi cha kusimama kina maelezo mengine: ubongo umepungukiwa damu kwa nukta chache. Kumwongezea dawa ya kushusha presha mtu ambaye presha yake tayari inaanguka anaposimama ni kumsukuma ngazini, hata kama aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, nami sina shaka kwamba kijana yule alikuwa nayo.

Ngoja nikueleze kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikielewa mengi ya yanayofuata utayajua mwenyewe. Mtu akiwa amelala, damu imetandaa sawasawa kutoka kichwani hadi miguuni. Anaposimama, kiasi cha nusu lita hadi lita nzima ya damu huteremka kwenye miguu na tumbo. Katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua mna vihisio vinavyogundua upungufu huo mara moja, vikapeleka habari kwenye ubongo, nao ukaamrisha moyo uongeze mapigo na mishipa ya miguu ijikaze ili damu irudi juu. Ni kama mabaharia wanaovuta kamba mara tu tanga linapolegea: wakiwa vijana na macho, chombo hakiyumbi, na abiria hawajui hata kwamba upepo ulibadilika. Kwa mtu wa miaka 76 mishipa imekuwa migumu, moyo hauharakishi kama zamani, na kiu imepungua kiasi kwamba mwili unaweza kukauka naye hahisi. Sukari ya miaka mingi huharibu neva zinazobeba ile amri ya kujikaza. Juu ya yote hayo tunamwekea vidonge ambavyo kazi yake hasa ni kuilegeza mishipa au kupunguza maji mwilini. Mabaharia wamechoka, nasi tumewafunga mikono.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu amelala saa nyingi bila kunywa maji, ameamka usiku mara mbili tatu kukojoa, dawa ya usiku iko kwenye kilele chake au karibu nacho, na anasimama kwa haraka ili asikose wakati wa sala. Katika miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari wakati joto halipungui hata usiku, jasho humalizia maji yaliyobaki.

Kumpima ni rahisi, lakini kuna namna yake. Tafuta mashine ya kufunga sehemu ya juu ya mkono, kwa maana zile za kufunga kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Mpime kabla hajaondoka kitandani, akiwa amelala chali kwa dakika tano bila mazungumzo, na uandike. Kisha asimame taratibu huku mtu mwingine amemsimamia karibu, umpime baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu, bado akiwa wima. Akianza kuona giza, mketishe mara moja na uache kupima. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu limepatikana. Fanya hivyo asubuhi tatu, maana siku moja inaweza kudanganya.

Nakumbuka bibi mmoja niliyemtembelea nyumbani kwake, naye alikuwa ameshaanguka mara kadhaa. Akiwa amelala alikuwa na 168, na wanawe wakatazamana kwa wasiwasi. Nilimwomba asimame. Kabla mashine haijamaliza kupuliza, vidole vyake vilikwishanikamata kifundo cha mkono, uso umelowa jasho, naye anasema kwa sauti ndogo kwamba ukuta unasogea. Mashine ikatoa 118. Kisha nikaomba niletewe dawa zake zote, wakaleta kikapu cha ukili kimejaa, na ndani yake nikakuta vidonge vya amlodipini katika maboksi mawili yenye majina tofauti ya viwanda, kimoja kutoka kliniki na kingine kutoka dukani. Alikuwa akimeza vyote viwili kila usiku, kwa uaminifu mkubwa, kama alivyoagizwa.

Hukunitajia majina ya dawa za mama, kwa hiyo nitakueleza ninazozitafuta katika vikapu kama hivyo. Kuna za presha zenyewe, hasa nifedipini na amlodipini zinazolegeza mishipa, na haidroklorothiazidi au furosemaidi zinazotoa maji kwa mkojo. Kuna amitriptilini, ambayo hupewa wagonjwa wa sukari kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku, nayo hushusha presha ya kusimama na kuvuruga fikra za mzee. Kuna vile vidonge vidogo vya mafua na mwasho vya klorofeniramini, vinavyouzwa kama peremende, ambavyo humlaza mzee na kumfanya aamke akiyumba. Na kuna diklofenaki ya magoti, ambayo naiogopa kwa sababu tofauti: hupandisha presha, huchimba vidonda tumboni, na ikikutana na dawa ya kutoa maji pamoja na dawa za presha za enalapili au losatani, figo za mzee zinaweza kuzidiwa kwa siku chache tu, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji. Wengi wa wagonjwa wangu hawaihesabu diklofenaki kuwa dawa. Wakiulizwa wanameza nini hawaitaji kabisa, kwa kuwa kwao hiyo ni "ya maumivu tu".

Kuhusu sukari, chunguza kama mama anatumia glibenklamidi. Ni kidonge cha zamani, cha bei nafuu, na kwa kijana hakina neno sana, lakini kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu hukaa mwilini muda mrefu na kuiangusha sukari saa za usiku. Mzee huamka na jasho la baridi, anatetemeka, anasema maneno yasiyoshikana, kisha anaanguka, na nyumba nzima inasema presha. Mkiwa na kipimo cha sukari, mpimeni pale pale anapopata kisunzi. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) mpeni maji ya sukari au juisi mara moja maadamu anaweza kumeza, halafu daktari ajulishwe siku hiyo hiyo ili dawa ibadilishwe.

Sasa nakuonya jambo moja kwa msisitizo: usimwachishe mama dawa zote kwa sababu ya haya niliyoyaandika. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kiharusi ni balaa kuliko kisunzi. Utafiti unaoitwa HYVET, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusu wagonjwa zaidi ya 3,800 wenye umri wa miaka 80 na kuendelea, na waliopewa dawa za presha walipungukiwa na vifo kwa asilimia 21 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo wanaosema kwamba mzee hana haja ya kutibiwa presha wamekosea. Lakini lengo katika utafiti ule lilikuwa 150 kwa 80, si 120, na mtu ambaye namba yake ya juu ilikuwa chini ya 140 akisimama hakuingizwa kabisa. Watu husoma nusu ya kwanza ya habari ile wakasahau nusu hii ya pili, ambayo ndiyo inayomhusu mama yako. Namba inayotuongoza kwa mzee anayeanguka ni ile ya kusimama.

Njia zilizo mbele yenu ni hizi. Kile kidonge cha usiku kilichoongezwa dukani bila kipimo cha kusimama, mpigieni leo daktari au afisa wa kliniki anayemjua mama, mumwombe ruhusa ya kukisimamisha wakati mnasubiri kumwona. Zile dawa za zamani zibaki mpaka aonwe. Pengine daktari atapunguza dozi, pengine atabadilisha aina au saa ya kumeza, na pengine itabidi kukubali kwamba presha ya mama akiwa amelala itabaki juu kidogo ili aweze kusimama bila kuanguka. Huo ni mzani wa kweli, na hakuna upande wake usio na gharama. Mwambieni daktari awaeleze waziwazi, na mama mwenyewe awepo anaposikiliza, kwa sababu ni yeye atakayeishi na uamuzi huo.

Huku mkingoja, alfajiri ya mama inaweza kupangwa upya. Glasi kubwa ya maji iwekwe karibu na kitanda, ainywe yote akiwa bado ameketi, maana maji kiasi cha nusu lita hupandisha presha ya mtu wa aina hii kwa muda baada ya dakika chache; ila kama aliwahi kuambiwa ana moyo uliochoka au figo mbovu, kiasi cha maji akipange na daktari. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili au tatu, apandishe na kushusha visigino, akunje na kukunjua viganja, ndipo asimame huku ameshika kitu. Atawadhe ameketi juu ya kiti chenye mikono, kwa sababu kuinua mguu mmoja kuuosha juu ya sakafu yenye maji ni hatari hata kwa mwenye afya. Na kwa sala, kuinuka kutoka kwenye sijida kunamrudishia mama ile ile hali ya kutoka kitandani, tena mara kadhaa. Sheria imempa nafasi asiyeweza kusimama asali ameketi, na wazee wengi huona aibu kuichukua. Nimeona wakiikubali kwa urahisi zaidi wakiambiwa na sheikh wa msikiti wao kuliko wakiambiwa na mimi. Ramadhani ikikaribia mwulizeni daktari mapema, kwani mwenye sukari, presha ya kuanguka na dawa ya kutoa maji huenda asiwe mtu wa kufunga, na kuna fidya kwa ajili hiyo.

Nyumba zenu za Mkomani nazijua: ngazi za mawe zilizo nyembamba, vidato virefu visivyolingana, kuta nene na giza. Mama anashuka ngazi hizo akiwa na presha iliyoanguka, mtoto wa jicho pengine ambao haujapimwa, na ndara zilizolowa. Kama inawezekana alale chini. Kama haiwezekani, Lamu haina upungufu wa mafundi seremala. Mmoja anaweza kuwatengenezea kiti chenye tundu na ndoo chini yake kiwekwe chumbani kwa ajili ya usiku, na mwingine akagongomelea ubao wa kushikia ukutani, kuanzia juu hadi kidato cha mwisho, pamoja na taa ndogo ya sola. Soksi za kubana miguu huandikwa katika vitabu, lakini kwa joto letu sijaona mzee aliyezivaa zaidi ya wiki. Kinachosaidia zaidi ni nguvu za mapaja: ainuke kitini na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Na baada ya mlo mzito wa Ijumaa asinyanyuke haraka, kwa sababu damu nyingi huwa imekwenda tumboni kusaga chakula, na kisunzi cha saa moja baada ya kula ni ndugu wa kile cha alfajiri.

Shangazi akitaka kufanya kisomo, afanye, mama atapata utulivu na hakuna dawa itakayoharibika. Kitakachodhuru ni kungoja kisomo kiishe ndipo apimwe. Kwa majirani, uzee hurahisisha kuanguka, naam, lakini kuanguka mara mbili kwa mwezi mmoja kuna sababu inayotafutika.

Zipo hali ambazo hazisubiri asubuhi tatu za kupima. Kwa kuwa mama aligonga kichwa, hasa kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, akianza kusinzia kupita kawaida, kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi, kuchanganyikiwa au kulegea upande mmoja, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama zimepita wiki tatu au nne tangu aanguke, maana kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu. Vivyo hivyo uso ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, ulimi ukiwa mzito; akizimia akiwa ameketi, au kwa maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio; akipata choo cheusi kama lami; au akianguka asiweze kusimama na mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, jambo linaloashiria kuvunjika nyonga. Nyinyi mko mjini na hospitali ya kaunti iko kisiwani humo humo. Kwa msomaji aliye Pate au Kizingitini, ambaye safari yake hutegemea boti na maji kujaa, namwomba aondoke mapema zaidi, dalili zikiwa changa.

Umeuliza kuhusu haki. Ziko, na si hisani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinasema mzee apate matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali, na Katiba hiyo humhesabu kuwa mzee aliyepita miaka 60. Chini ya mpango wa Inua Jamii, mwenye miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama mama hayumo, nenda na kitambulisho chake kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti, ahakikishiwe kwamba jina lake limeandikwa, kwa sababu uandikishaji hufanywa kwa vipindi na asiyekuwa kwenye orodha husubiri kipindi kijacho. Hakikisha umri kwenye kitambulisho ni sahihi. Wazee wengi wa pwani waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, na wengine hukosa haki yao kwa makosa ya miaka miwili.

Kwa matibabu, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, uliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kila mtu anatakiwa kujiandikisha, na inawezekana kwa simu kwa *147#. Aliyejiandikisha anatibiwa katika zahanati na vituo vya afya kwa gharama ya mfuko wa huduma za msingi bila kulipa mchango. Kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa yanahitaji mchango wa kaya, ambao kwa wasio na mshahara hukadiriwa kwa kuuliza hali ya maisha, hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hudaiwa wa mwaka mzima. Najua wengi hukwama hapo: hulipa mgonjwa akiwa tayari wodini. Kaka yako wa Mombasa, badala ya kutuma nauli za dharura, akilipa mchango wa mama mapema atakuwa amefanya jambo kubwa.

Na kuhusu kumhamisha, mimi nisingeharakisha. Mama anajua kila kidato cha nyumba yake, majirani wanamjua, na mzee akihamishiwa nyumba ya ugenini huweza kuchanganyikiwa usiku na kuanguka akitafuta choo asichokijua, tena huko Mombasa atakuwa peke yake mchana kutwa watu wakiwa kazini. Chanzo kikipatikana na ngazi ikapata kishikio, huenda hoja ya kuhama ikaisha yenyewe. Isipoisha, kama bado anaanguka baada ya dawa kurekebishwa, au kama wewe binti unayemwangalia umechoka usiku na mchana na huna wa kukupokea, basi mkae nyote pamoja na yeye mlizungumze upya.

Kwa sasa anza kesho alfajiri. Weka mashine, kalamu na daftari kando ya kitanda chake tangu usiku. Siku ya nne chukua kile mnachowekea dawa, kikapu au kopo, pamoja na vya dukani, vya mafua, vya magoti na majani ya kuchemsha, mwende navyo vyote kliniki bila kuchambua hata kimoja, na ukifika useme neno hili la kwanza: "Mama anaanguka anaposimama, na hizi ndizo namba zake za kulala na za kusimama."